Siku Niliyosema Baba Yu Hai

Katika nyumba zetu za kanjo, yaani halmashauri ya jiji, mtu akifa hatukuwa tunakwenda kumwambia kanjo. Tulimwambia chifu, tukamwambia mchungaji, tukaita watu wa nyumbani, tukakodi basi tukaenda kuzika. Lakini ile ofisi ya nyumba, hapana. Kadi ya nyumba ilibaki na jina la marehemu, na kodi ikaendelea kulipwa kwa jina lake, kama vile ametoka kazini mwenyewe akapanga foleni. Ungesoma kadi za laini yetu ya nyumba ungedhani mtaa wetu wanaume hawafi.

Hatukuanza hivyo kwa ujanja. Nikiwa msichana, mama mmoja wa laini ya nyuma alifiwa na mume wake, akaenda ofisini na kitambaa cheusi kichwani ili aandikwe yeye. Karani akamwambia pole, akachukua ile kadi akaitia kwenye droo. Mwezi haukuisha. Karani alileta ndugu yake akae kwa hiyo nyumba, na yule mama na vyombo vyake na watoto wake wakanyeshewa nje. Mtaa wote uliona. Tangu siku hiyo, mtu akizikwa, anazikwa kila mahali isipokuwa kwenye karatasi ya kanjo.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori la taka. Alizoa taka za mji akazipeleka jaa la Dandora mpaka kifua kikamshinda. Tulimzika kwao Ukambani, na Mwaitu, yaani mama yangu, akarudi Nairobi kwenye vile vyumba viwili, kwa sababu ndipo alipozalia, ndipo kanisa lake lilipo, na ndipo watu wanapomjua. Nami nilikuwa nimeachika, nikarudi kukaa naye. Kaka yangu yuko Mombasa, anaendesha trela. Mimi niliachia masomo darasa la sita. Nauza supu. Asubuhi nakwenda machinjioni Kiamaiko nachukua vichwa vya mbuzi na miguu, nachoma manyoya, nachemsha, na saa nne watu wamekaa kwenye benchi langu. Hiyo ndiyo kazi iliyonilea mpaka sasa nina mvi.

Nasema haya ili ijulikane ni nani aliyetutoa pale. Majina yao nayajua, na ningeyaandika yote, lakini nimeambiwa nitapelekwa kortini na mimi korti siiwezi. Basi nataja kazi zao. Wenyewe wakisoma watajiona.

Wa kwanza ni mwakilishi wadi. Miaka nenda miaka rudi, tukiitwa kutoa maoni ya pesa za miradi ya mtaa, tuliomba kitu kimoja tu, mtaro wa maji machafu. Mvua ikinyesha kinyesi kilikuwa kinaingia jikoni. Tukainua mikono, ikaandikwa. Kilichokuja ni lango la chuma pale mtaa unapoanzia, na juu yake picha yake yeye anacheka. Kwa hiyo alipotuita tena kwenye ukumbi, ule tunaouita soshol, kusema kwamba sasa kaunti imeamua nyumba zote zibomolewe zijengwe magorofa ya bei nafuu, watu hawakumpigia makofi haraka.

"Mheshimiwa," akasema mzee mmoja wa nyuma, "zile pesa za mtaro zilikwenda wapi?"

"Mzee wangu, mtaro wa nini na unajengewa lifti?"

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

"Na sisi tutarudi?" akauliza mwingine.

"Nyinyi ndio wa kwanza. Kila mpangaji wa zamani aliye kwenye rejista atapewa barua, na barua hiyo ndiyo ufunguo wako. Hakuna mtu wa nje ataingia kabla yenu."

"Iandike hiyo!"

"Imeandikwa!" Akapiga kifua.

Mwaitu alikuwa ameketi karibu na mlango kwa sababu ya magoti. Tulipotoka akaniambia, "Kwenye rejista kuna baba yako. Mimi simo." Nikamwambia tutajua la kufanya. Yeye hakuogopa magorofa. Aliogopa kutolewa. Alisema nikimpeleka mahali asipojua mtu atakufa upesi, na alisema hivyo bila kulia, kama mtu anayesema chumvi imeisha. Kwa hiyo nilichokuwa nakitafuta kilikuwa kimoja, barua ya Mwaitu ya kurudi.

Wa pili ni mwenyekiti wa wapangaji. Huyu tulimchagua sisi wenyewe, na nilimpigia kura. Alikuwa anakuja kwenye benchi langu kila asubuhi, na tangu ile habari ya magorofa ianze, bakuli lake lilikuwa bure. Nilimwekea ulimi, nilimwekea ubongo. Siku moja akaniinamia.

"Mama Supu, wale wa kuandikisha wanakuja Alhamisi. Wakikuuliza mzee yuko wapi, utasema nini?"

"Si nitasema alikufa? Cheti cha kifo ninacho."

"Wee! Unataka shosho, mama yako, alale nje? Ukisema amekufa, nyumba inahesabiwa wazi. Sema yuko ushago, huko kijijini. Analima. Hayo mengine niachie mimi."

"Na wakimtaka?"

"Nimekwambia niachie mimi. Ongeza pilipili hapa."

Nilimwamini. Si kwa sababu ya yeye, ni kwa sababu ya yule mama aliyenyeshewa. Maneno ya mwenyekiti yaliingia mahali palipokuwa tayari pamelimwa.

Mlango wa tatu kutoka kwetu aliishi mjane Mkikuyu, mshonaji, rafiki ya Mwaitu. Jumatano alikuja kuniambia kwamba yeye atawaonyesha cheti cha kifo cha mume wake na cheti cha ndoa na atasema ukweli. Nikamwambia amerogwa.

"Utalala nje wewe."

"Basi nitalala. Lakini wakisema aje mwenyewe aweke kidole, nitamtolea wapi? Nimtumie nauli kaburini?"

Alicheka sana na kile kicheko chake cha kikohozi. Mwaitu naye alicheka, akafuta macho. Mimi nilikasirika. Niliona wazee hawa wawili wanafanyia mchezo kitu kikubwa, na kwamba mimi peke yangu ndiye mwenye akili.

Alhamisi wakaja. Msichana mmoja wa kaunti na kompyuta ya mkononi, na kijana mwenye kopo la rangi nyekundu anayeandika nambari kwenye milango. Mwaitu alikuwa amekaa kwenye kigoda nje, anachagua pojo kwenye ungo. Msichana alisalimia kwa adabu, "Shikamoo shosh," akaangalia kioo cha kompyuta, akasoma jina la baba yangu lote, sehemu zote tatu. Sikuwa nimesikia mtu akilitaja hivyo tangu siku ya mazishi.

"Yupo?"

"Yuko ushago," nikasema. "Analima."

Mikono ya Mwaitu ikasimama kwenye ungo. Akaniambia kwa Kikamba, pole pole, bila kuniangalia: usimfufue baba yako, mimi nilimzika.

"Shosh anasemaje?" msichana akauliza.

"Anasema ukae unywe chai."

"Ah, asante shosh, kazi ni nyingi." Akamtabasamia. "Na mzee ana miaka mingapi?"

"Themanini na kitu."

"Na bado analima! Wazee wa Ukambani ni wagumu." Akabonyeza-bonyeza. "Basi aje na kitambulisho pale soshol, aweke kidole mwenyewe. Mna wiki mbili."

Wakaenda mlango wa pili. Mwaitu hakusema kitu. Angeweza kusema, Kiswahili anakijua kuliko mimi. Lakini ingekuwa ni kuniita mwongo mbele ya mgeni, na yeye hakuwahi kuniaibisha mbele ya watu hata nilipokuwa mtoto. Alichukua ungo akaingia ndani.

Siku zile kumi na nne nilikuwa mgonjwa wa mbio. Kila siku kwa mwenyekiti. Leo anasema karani mkuu hayuko, kesho anasema ameshaongea naye, kesho kutwa simu imezimwa. Wiki ya pili akaacha kuja kwenye benchi. Nikaenda kwake nyumbani, mke wake akaniambia kwa dirisha kwamba amesafiri, na viatu vyake vilikuwa mlangoni.

Orodha ilibandikwa ukutani pale soshol. Watu walikuwa wamejaa, wengine wanashangilia, wengine wamekaa chini kwenye vumbi. Mimi nasoma pole pole, kwa kidole. Nikatafuta nambari ya mlango wetu. Mbele yake waliandika: mpangaji hakujitokeza. Na mbele ya hayo kulikuwa na jina jipya la mtu nisiyemjua, lakini jina lake la mwisho nililijua, kwa sababu ni la mwenyekiti wetu. Nikahesabu milango ya laini yetu. Waliosema mzee yuko ushago, wote walikuwa wameandikwa hivyo hivyo. Mlango wa tatu kutoka kwetu waliandika: mjane, apewe barua.

Nilichukua cheti cha kifo cha baba nikaenda mpaka ofisi ya nyumba. Yule afisa, na huyu ni wa tatu, alinisikiliza huku anakula karanga. Alikiangalia cheti mbele na nyuma.

"Mama, nani alisema mzee yuko hai?"

"Mimi."

"Na kumbe alikufa."

"Tulifundishwa hivyo. Zamani ukisema amekufa, karani ananyang'anya..."

"Hizo ni hadithi za zamani. Hiki cheti kingetosha siku ile. Sasa hivi hiki kinaonyesha tu kwamba ulidanganya serikali. Nikikitia kwenye faili, wewe unalala ndani." Akakirudisha kwenye meza kwa kidole kimoja, kama kitu chenye mafuta. "Nenda nyumbani, mama."

Nilirudi kwa miguu. Mwaitu aliniuliza wamesemaje. Nikamwambia ni siasa, wamepeana nyumba kwa watu wao. Na ni kweli, walipeana. Lakini sikumwambia kuhusu cheti. Hakuuliza tena. Nadhani jirani alikuwa amemwambia.

Tingatinga lilipokuja tulikuwa tumeshahamia mtaa wa Tassia, chumba kimoja, ghorofa ya nne, ngazi nyembamba ambazo jua halifiki. Wiki za kwanza nilimshusha Jumapili kwenda kanisani, tunapumzika kila ghorofa, anasalimia watu wasiomjibu. Halafu akasema magoti yamekataa. Akabaki juu. Mle ndani alikuwa anaona ukuta wa ploti nyingine na nguo za watu. Mshonaji alikuja mara mbili kumtembelea, akapanda zile ngazi na kikohozi chake chote, wakaongea kama zamani. Alisema barua yake ameificha kwenye Biblia. Mwaitu alimpongeza, na alikuwa anamaanisha. Sikuweza kukaa kuwasikiliza, nikashuka kwenda kununua mkate ambao hatukuuhitaji.

Kisha kaka yangu akaja kutoka Mombasa. Alikuwa amesikia mambo nusunusu kwa watu wa nyumbani, akafika amewaka. Mimi nilikuwa kwenye korido nasubiri mtungi ujae, na mlango ulikuwa wazi.

"Nataka kujua kitu kimoja, Mwaitu. Nani aliwaambia hao watu kwamba Mzee yuko hai?"

Maji yalikuwa yanatoka kidogo kidogo. Nilisikia kitanda kikilia, akigeuka.

"Ni mimi," Mwaitu akasema.

"Wewe?"

"Msichana aliuliza, nikasema yuko nyumbani analima. Sijui niliwaza nini. Ni uzee."

"Mwaitu! Si wewe ndiye uliyemzika?"

"Nilichanganyikiwa, mwanangu. Usimuulize dada yako. Yeye hakuwepo, alikuwa Kiamaiko."

Sauti ya kaka ikashuka ikawa ya kuongea na mgonjwa. Akamwambia basi, haidhuru, apumzike. Alipotoka kwenye korido alinishika bega, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kumbe hali imefika hapo, na pole kwa kumtunza peke yangu. Nikasema asante. Mtungi ulikuwa umejaa unamwagika miguuni mwangu.

Mwaitu hakumaliza mwaka Tassia. Aliyoyasema yakawa. Kumshusha ngazi zile kwenye blanketi kulichukua wanaume wanne, na hakuna hata mmoja aliyejua jina lake.

Tulimzika kando ya baba. Kaka ndiye aliyesema kwa niaba ya familia. Alisema mambo mazuri, jinsi alivyokuwa mkali wa usafi, jinsi alivyokataa kuhama Nairobi. Kisha akasema kwamba mwishoni akili yake ilikuwa imeanza kumtoka, hata aliwaambia watu wa kaunti kwamba mume wake yuko hai analima, na ndiyo maana familia ilipoteza nyumba, lakini tusimlaumu, ni uzee, sote tunakwenda huko. Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Mshonaji alikuwa amesafiri nasi, amesimama upande wa pili wa shimo. Aliniangalia. Aliendelea kuniangalia mpaka wimbo ukaanza, na mimi nikafungua mdomo nikaimba.

Kaka bado anaamini hivyo, na ukoo wote unaamini, na watoto wao wanasimuliwa hivyo. Basi naandika hapa. Mwaitu akili yake ilikuwa nzima mpaka siku ya mwisho. Wa nne ni mimi.