Nilivyomgeuza ng'ombe wa baba mkwe kuwa mahindi siku ya posa

Wakuu, poleni na mihangaiko. Mimi huwa msomaji tu humu, leo nimeamua kutoa langu. Mjomba wangu Kizito alikuwepo siku hiyo, naye ni mwanachama humu, na ameapa nikiongeza chumvi atakuja kunisahihisha kwenye komenti.

Nipo Sumbawanga mjini, natengeneza app. Najua mtauliza kama huku kuna developer. Tupo, tena tunafanya kazi tumevaa masweta. Na utani wenu kwamba huku tunatumiana radi naomba uishie hapa.

Sasa huku kwetu ugomvi mkubwa ni ng'ombe kuingia shambani. Sisi Wafipa tunalima mahindi na ulezi, ndugu zetu Wasukuma wanafuga. Ng'ombe akionja shamba la mtu, muda si mrefu watu wameshashikiana fimbo.

Nikatengeneza app, nikaiita Zizi na Shamba. Ukikuta ng'ombe shambani kwako unapiga picha, unatuma, mwenye mifugo anapata taarifa na kuwahi kuwaswaga.

Icon yake, ile alama unayobonyeza kuifungua, ilikuwa kichwa cha ng'ombe kilichokatizwa na mstari mwekundu. Mimi mtoto wa mkulima nikajiona nimemaliza kazi.

Wakulima wakaipokea. Kwa wafugaji, hakuna aliyeipakua hata mmoja.

Aliyenifumbua macho ni Kabula. Kabula ni mwalimu hapa mjini, Msukuma, kwao Muze kule bondeni, na wakati huo alikuwa mchumba wangu wa chini chini.

Akaniambia, "Baba yangu akiamka anawasalimia ng'ombe kabla ya mama. Wewe unataka aweke kwenye simu ng'ombe aliyechorwa alama ya kosa?"

Nikatoa mstari. Wakulima wakaja juu: yaani ng'ombe amemaliza ulezi wangu, halafu nimbebe na mfukoni? Nikaweka mahindi. Wafugaji wakanuna.

Nikasema basi, kila mtu achague mwenyewe. Nikaongeza sehemu kwenye settings: unayetaka ng'ombe, haya, unayetaka mahindi, haya, ulezi nao upo. Ng'ombe nilimchora upya, maana yule wa kwanza Kabula alisema ni wa kwenye pakti ya maziwa, hana nundu wala pembe za maana.

Wafugaji wakaanza kuingia. Siku moja Kabula akanipigia kwa furaha: baba yake, Mzee Luhende, ameweka app, amechagua ng'ombe, na anamwonyesha kila anayekutana naye mnadani.

Nikaona nyota ya jaha imeniangukia. Nikamwambia Mjomba, twende tukapose.

Kabla sijaendelea, kuna jambo la kiufundi mlielewe. Kwenye simu nyingi ukibadilisha icon, ile ya zamani inaondoka kabisa, na mpya inaweza kuchelewa kutokea. App ipo, ila mwenye simu anaona imekufa. Nilikuwa najua. Sikuweka onyo lolote, nikasema watazoea tu.

Tukateremka Muze. Mjini tulitoka na makoti kwa baridi, kufika bondeni jasho linatiririka. Mjomba akanikataza kuvua, eti mposaji hakai na shati tupu.

Tukapokelewa vizuri. Mjomba akawasalimia "Mwangaluka", ambacho ndicho Kisukuma chake chote, wazee wakacheka, mambo yakaanza kwenda.

Mahari ya wenzetu ni ng'ombe, na ng'ombe wanajadiliwa hadi rangi na umbo. Mjomba, mtu wa mahindi tangu azaliwe, alikuwa anaitikia kwa kichwa kama yuko kwenye misa ya Kilatini.

Walipokaribia kukubaliana, Mzee Luhende akanigeukia. "Huyu kijana ndiye aliyemchora ng'ombe wangu?"

"Ndiye," Mjomba akadakia kwa sifa.

Mzee akanipa simu. "Ni mzuri, ila mdogo. Hebu mkuze kidogo."

Wakuu, app haina uwezo huo. Ningesema tu, baba, haiwezekani. Lakini mkwe mtarajiwa amekuomba kitu mbele ya ukoo wake, unaanzaje? Nikaingia settings, nikajifanya natafuta. Vidole vimelowa jasho, kioo kikateleza, nikabonyeza mahindi.

App ikajifunga. Kutazama nje ya app, ng'ombe hayupo. Na mahindi hayajatokea.

"Vipi?" Mzee akauliza.

"Inajipanga, baba."

Akainyakua simu yake, akavaa miwani, akaitazama hadi wazee wenzake wakasogeza viti. Ndipo mahindi yakachomoza pembeni, ya njano, yamenona.

"Njooni muone," akawaambia ndugu zake kwa sauti ya msibani. "Mfipa amekuja kuniomba binti. Hata soda hajamaliza, ng'ombe wangu amekuwa mahindi."

Mjomba akanikanyaga mguu. Mimi nilishaona Kabula ananiponyoka, na sioni aibu kusema machozi yalikuwa karibu, maana yule mwanamke nampenda.

"Baba, namrudisha sasa hivi," nikasema, nikanyoosha mkono.

"Usiguse!" Akainua simu juu. "Ukigusa tena utaniletea ulezi!"

Nikasikia cheko kutoka ndani. Ni Kabula. Mama yake akafuatia, kisha wazee wote. Mzee alijaribu kukaza uso, akashindwa.

Alipopata pumzi akatoa hukumu. "Ng'ombe tuliotaja, sawa. Lakini huyu aliyepotelea mkononi mwa kijana wenu mtamlipa. Ongezeni mmoja, mwenye pembe kama zake."

Mjomba akajitetea, "Mzee, yule si alikuwa wa kwenye simu?"

"Ndiyo maana sasa nataka anayekula majani."

Nimelipa, wakuu. Kama kuna developer mwingine aliyelipia kosa la app kwa ng'ombe hai, ajitokeze tupeane pole.

Niliporudi mjini, cha kwanza niliweka onyo kwenye update: "Icon ya zamani itaondoka. App yako ipo, usiogope."

Tukafunga ndoa, Kabula akahamia kwangu. Juzi tulienda kuwasalimia wazee, nikaona simu ya Mzee bado ina mahindi. Nikamwambia, baba, leo sina jasho, lete nikurudishie ng'ombe wako.

Akakataa. "Ng'ombe ninao wengi hapo nje. Binti yangu ndiye yuko huko juu kwenye mahindi yenu. Nikiyaona haya nakumbuka kumpigia."

Kabula akainuka, akaenda kukaa karibu na baba yake.

Funzo langu: mpe mtu uhuru wa kuchagua, lakini kwanza mwambie kipi kitaondoka. Na ukweni usishike simu ya mtu.

Haya, nani mwingine amewahi kuharibu ukweni kwa kidole kimoja? Mwageni yenu hapa. Na Mjomba, najua unasoma: kama nimedanganya popote sema, lakini kumbuka koti lako bado liko kwangu, na baridi imeanza.