Nilimlisha panya wa utafiti tembe yangu ya kifafa: yaliyonikuta Kakamega miaka ya tisini

Wakuu, nawasalimu wote, pamoja na nyinyi mnaosoma kimya kimya bila kukoment.

Haya ni yangu mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Majina nimeyaacha au kuyabadilisha kwa sababu wengine bado tunakutana sokoni. Chumvi sijaongeza, kisa chenyewe kilikuja na yake.

Twende.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili. Nilikuwa nimemaliza kozi ya maabara katika chuo cha Sigalagala, na mwaka mzima nikakaa nyumbani Shinyalu nikipalilia mahindi, cheti kikiwa ndani ya sanduku. Kisha nikasikia kuna daktari wa mifugo anayesomea shahada ya juu, amekodisha vyumba viwili pembeni mwa mji wa Kakamega na anatafuta msaidizi.

Nilienda, nikaulizwa kama naogopa panya, nikasema hapana. Kazi nikapata.

Chumba kimoja kilikuwa cha panya weupe, kingine cha meza yake na jiko la chai. Tulikuwa watatu tu: yeye, mimi, na Mama Khavere aliyeosha vizimba na kutupikia chai.

Utafiti ulikuwa wa kifafa. Kule Ulaya kuna ukungu mweusi unaoota kwenye masuke ya nafaka, unaitwa ergot. Zamani watu waliokula mkate wa nafaka hiyo walikuwa wakitetemeka na kuanguka. Baadaye wataalamu wakatoa dawa ndani ya sumu hiyo hiyo, na Daktari alitaka kujua kama moja ya dawa hizo inaweza kuzuia degedege badala ya kuileta. Alipenda kusema dawa ya moto ni moto.

Sasa, kuna jambo ambalo Daktari hakulijua, wala mtu mwingine pale.

Mimi mwenyewe nilikuwa naanguka.

Tangu darasa la sita. Kliniki walikuwa wakinipa fenobabitoni, tembe ndogo nyeupe, mbili kila jioni, na nesi alinionya nisiruke hata siku moja, kwamba ukiziacha ghafla degedege inaweza kuja mfululizo hadi ikuue. Nilizificha kwenye kopo tupu la mafuta ya kujipaka.

Wale wa kizazi cha juzi huenda hamjui ilivyokuwa. Mtu wa kifafa alikuwa na kikombe chake na sahani yake. Akianguka watu wanarudi nyuma, eti povu likikugusa nawe utaanguka. Mimi niliwahi kuangukia kanisani, na nilipozinduka benchi lote lilikuwa limehama.

Siku ya kwanza ya kazi mama alinisindikiza hadi barabarani. Akaniambia, "Hizo dawa unakunywanga ukiwa peke yako. Wakijua, hata kazi ya kufagia hawatakupa."

Basi nilifanya kazi ile roho mkononi. Nikisikia kizunguzungu kidogo tu, hata cha njaa, najiuliza kama ndiyo imefika.

Panya walikuwa kwenye vizimba vitatu vilivyofungwa uzi: mwekundu, mweupe na bluu. Kizimba kimoja kingepata maji ya chumvi tu, kingine dawa kidogo, kingine dawa nyingi. Ni Daktari pekee aliyekuwa na karatasi ya kuonyesha kipi ni kipi, ili moyo wangu usipendelee upande wowote.

Moyo wangu ulipendelea hivyo hivyo.

Raundi ya kwanza haikuwa na dawa ya ergot. Ilikuwa ya kuona kila panya anaanguka vipi. Daktari anamdunga kemikali ya kuleta degedege, mimi nashika saa na kuandika ameanza lini na ameacha lini.

Wakuu, mimi sikuwahi kujiona nikianguka. Siku hiyo nilijiona.

Kichwa kikirudi nyuma, miguu ikipiga hewa, halafu kile kimya.

Kulikuwa na mmoja wa uzi mweupe, sikio lake limechanika. Nilimwita Sikio. Alikuwa na tabia ya kupanda mkono wa koti langu kila nikimlisha. Alipozinduka alijikokota hadi kwenye kona akaficha uso kwenye vumbi la mbao, akakaa hapo hadi jioni. Najua mtasema panya hana aibu. Sawa, lakini mimi ile sura niliijua.

Raundi ya pili ilikuwa wiki iliyofuata, sasa na dawa yenyewe. Asubuhi ile nilifika mapema. Nilikuwa na kipande cha obusuma, ugali wetu wa Kiluhya, nilichobeba kwa chakula cha mchana. Nikasaga tembe yangu moja kwa kijiko, nikaichanganya humo, nikamwekea Sikio mbele ya pua.

Wenzake wote wa kizimba wakaja mbio. Panya hawajui cha mtu. Ndani ya dakika moja kile kipande cha obusuma hakikuwepo, kila mmoja kapata chake, nami nikajifariji kwamba kilikuwa kidogo mno kufanya lolote.

Ilipofika saa nne tukaanza. Nyekundu wakaanguka, bluu wakaanguka.

Nyeupe wakakataa kuanguka. Wawili walitetemeka kidogo tu, waliobaki walikaa wanatuangalia.

Daktari aliruka, mtu mzima na miwani yake. Akafungua karatasi yake: nyeupe ndio waliopata dawa kidogo. "Tumepata! Mama Khavere, weka sukari mingi leo!"

Mimi nilijua ni tembe yangu.

Ningenyamaza, wakuu. Nasema ukweli, nilikuwa nimeamua kunyamaza. Nilijiambia ni panya tu, karatasi ni yake, shahada ni yake.

Lakini tukinywa chai akasema, "Kaka yangu wa Lugari ana kijana anaanguka. Jumamosi nampelekea hii. Aache zile tembe za kliniki, zinamfanya asinzie darasani."

Ilikuwa Jumatano.

Usiku ule na uliofuata sikulala, na kukosa usingizi kwa mtu kama mimi ni kuiita degedege. Tembe nazo zilikuwa zimepungua moja, na siku ya kliniki bado. Nikisema, naulizwa tembe zilitoka wapi, na kila mtu atajua. Nisiposema, kuna mtoto Lugari atanyang'anywa dawa yake kwa sababu yangu. Nilikuwa nalisikia onyo la nesi kila nikifumba macho.

Ijumaa mchana mvua ilikuwa inapiga mabati vile mvua ya Kakamega hupiga, mtu asikie lazima upaze sauti. Kwa hiyo ungamo langu nililipigia kelele.

"Daktari, usipeleke ile dawa! Panya wa nyeupe niliwapa tembe za kifafa!"

Akaweka kalamu chini. "Tembe za nani?"

"Zangu."

Mama Khavere alikuwa mlangoni na kizimba mkononi. Kisha Daktari akaniambia nimemharibia miezi mitatu ya kazi, niende nyumbani.

Nilitembea hadi Shinyalu nikilia ndani ya mvua. Mama aliponiona alijua.

Jumamosi hiyo Daktari hakwenda Lugari. Jumatatu akatuma mtu kuniita. Tulianza upya na panya wapya, na chakula nikakatazwa kugusa. Safari hii waliopata dawa kidogo walianguka sawasawa na wa maji ya chumvi. Waliopata nyingi walianguka vibaya zaidi. Nilipoandika wa mwisho nikakaa chini kwenye vumbi la mbao.

Hakuwahi kunishukuru. Ila siku moja aliniuliza bila kuinua kichwa, "Wewe hizo tembe unakunywanga saa ngapi ili usisinzie? Yule kijana bado anasumbuka." Nikamwambia mapema jioni, baada ya chakula, na akaandika.

Funzo langu: huruma ya kificho inaweza kuua mtu usiyemjua. Na nyie mnaotumia dawa za kifafa, msiziache kwa neno la mtu yeyote bila kuongea na daktari wenu.

Wenye uzoefu wa kuficha ugonjwa kazini, shukeni hapa. Mlisema au mlinyamaza? Wa kutukana panya wangu nao karibuni.

Nilisahau. Ile Jumatatu niliporudi, nilikuta Mama Khavere amefunga uzi mweupe kwenye mkono wa kikombe kimoja cha bati. Hakusema ni cha nani. Nilikinywea mpaka mradi ulipoisha, nikaondoka nacho.

Uzi ulishakatika zamani. Kikombe kiko hapa mezani, kina chai, na binti yangu ameshapiga funda mbili bila kuniomba.