Jambo Jema la Wiki

Muhula ule walimu wa shule yetu, huku Msambweni, tulikuwa tumechoka hata kusalimiana kukawa kazi. Mwalimu wa ushauri nasaha akarudi kutoka semina na kutuambia utafiti umeonyesha kwamba mtu akitaja mema yaliyomfika, mbele ya wenzake, moyo hupungua uzito. Basi kila Ijumaa, wakati wa chai ya saa nne, tukawa tunakaa ofisini, kila mmoja akitaja jambo moja jema la wiki.

Mwalimu wa dini alitaja mjukuu wake aliyeanza kutembea. Mwingine alitaja mvua iliyozinyeshea kunde zake. Zamu yangu ilipofika nikatafuta moyoni, nikakuta patupu. Sikuwa na msiba wala ugonjwa, na hilo ndilo lililonitia haya: nilikuwa na huzuni isiyokuwa na sababu. Wote walikuwa wakiningoja.

"Mume wangu ni mpishi hotelini Diani," nikasema. "Lakini Jumapili, siku yake ya mapumziko, hunipikia mimi. Huniletea chai na mahamri kitandani."

Hakuwahi kufanya hivyo hata siku moja.

"Mashallah," akasema mwalimu wa dini. Nikainamisha kichwa, wakadhani ni haya za mapenzi.

Kesho yake mwalimu huyo akakutana na mume wangu kwa muuza samaki. Akamshika mkono, akamwombea dua mbele ya watu, akawaambia wanaume waliokuwapo wamuige. Mume wangu akarudi nyumbani na samaki wawili aina ya changu ndani ya mfuko, akawaweka kwenye karai.

"Leo nimeombewa dua," akasema. "Kwa sababu ya chai."

Nilikuwa nakata vitunguu. Nikaendelea kukata huku nikimweleza, bila kumtazama. Masikio yalikuwa yakiniwaka.

"Wiki nzima hukupata jambo la kusema?"

"Sikupata."

"Hata humu ndani?"

Nikachukua kitunguu kingine, nikakimenya. Akanawa mikono akatoka nje.

Jumapili nikamsikia jikoni. Nikajifunika kanga usoni, nikiomba asije. Akaja na sinia, kitambaa kimekunjwa kama cha wageni wa hotelini. Akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Sukari imetosha?"

"Imetosha."

Chai ilikuwa nzuri, iliki imekolea, lakini niliinywa upesi ili iishe. Hakuna aliyejua pa kuyaweka macho.

Ijumaa iliyofuata nikawaambia wenzangu, "Lile jambo la wiki iliyopita lilikuwa uongo. Sasa limekuwa kweli, na haya zimezidi."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu wa dini aligeuzageuza kikombe chake. Mwalimu wa ushauri nasaha akanisindikiza hadi mlangoni mwa darasa langu.

"Unalala lakini?" akaniuliza.

"Silali. Nasahihisha mpaka macho yaume."

"Basi mema yaache kwanza. Leo vitabu vibaki kabatini, ulale."

Jioni nikatoka na mkoba tu begani. Watoto wa darasa langu wakanikimbilia langoni, kama kawaida yao, ili wanibebee vitabu.

"Leo havipo," nikawaambia.

Wakaitazama mikono yangu mitupu, nami nikaificha ndani ya mtandio, kama mtu aliyefumaniwa. Usiku ule nililala.