Sahani Yenye Jogoo

Mwezi uliopita nilikuwa katika mji mdogo wa Wote kwa shughuli za shamba, nimeketi mapokezi ya ofisi moja nikingoja kuitwa, nikaona sahani ya peremende mezani. Ilikuwa chupa iliyolazwa na kuyeyushwa mpaka ikawa bapa, shingo yake bado inaonekana. Mikono ikaniwasha. Kabla sijajizuia nilikuwa nimeigeuza nitazame chini yake, na peremende zimetapakaa sakafuni. "Madam, unatafuta nini?" msichana wa mapokezi akaniuliza. Nikaziokota, nikarudi kuketi, lakini kuketi kwenyewe kukanishinda.

Nilikuwa namtafuta shangazi yangu. Alirudi nyumbani kwetu Mukuyuni nikiwa darasa la nne. Alikuwa amefanya kazi kwenye karakana ya vioo karibu na Nairobi, akarudi na ufundi mikononi na mimba tumboni, mume hakuna. Kanisa likamtenga na meza ya Bwana. Jumapili za ushirika sisi watoto tuliketi mkekani mbele, naye aliketi benchi la mwisho karibu na mlango, na mkate ukifika kwake ulimruka. Hakulalamika, ila alikuwa hatulii, mara ashike kitambaa cha kichwa, mara ageuke nje.

Nyuma ya jikoni alijenga tanuru dogo la matofali, akalikandika udongo kwa ndani. Chupa za soda na bia zilikuwa na wenyewe, zilirudishwa dukani. Zilizotupwa ni za pombe kali, na hizo zilijaa mtaroni nyuma ya baa. Alizifuata mchana kweupe na gunia lake, washirika wakimwona. Sisi tulizisugua kwa majivu hadi lebo zitoke. Nyingine alizizungushia uzi uliolowa mafuta ya taa, akauwasha, akazitumbukiza majini, ta! zikakatika, tukapata gilasi. Nyingine alizilaza juu ya vigae akazichoma mpaka zikawa sahani. Nikisikia harufu ya muthokoi, ule mchanganyiko wetu wa mahindi na maharagwe, ukichemka kwenye moshi wa kuni, hata leo, masikio yangu hungoja ile ta.

Basi sahani ya bati ya kanisa ikashika kutu, akina mama wakamwomba awatengenezee nyingine ya kuwekea mkate. Mchungaji akaongeza neno lake: Jumapili hiyo hiyo angerudishwa mezani. Nakuambia, rafiki yangu, shangazi hakupata usingizi tena; akalijaza tanuru chupa, akawasha moto. Na tanuru lina masharti. Ukishauacha moto uzime, usiliguse mpaka lipoe lenyewe, polepole. Shangazi hakuumbiwa kungoja. Alilizunguka, akafagia ua uliokwisha kufagiwa, akachota maji ambayo hakuna aliyeyahitaji. "Mwenye pupa hadiriki kula tamu," nyanya akamtania kutoka jikoni.

Ijumaa asubuhi akalifungua likiwa bado na joto. Sahani zote zikapasuka mbele ya macho yetu. Mimi nililia. Yeye hakuwa na nafasi ya kulia, maana mtaro tulikuwa tumeumaliza na gunia lilibaki na chupa moja tu, yenye nembo ya jogoo iliyotokeza kwenye kioo chenyewe, haisuguliki. Akailaza, jogoo chini, akawasha moto upya. Mkate utamfunika, alisema, na safari hii alingoja mpaka Jumapili alfajiri.

Mkate ulimfunika kweli, mpaka mchungaji alipoinua sahani juu kushukuru. Sisi wa mkekani tukamwona jogoo mzima, kishungi na mkia. Mzee wa kanisa aliyesimama kando naye akamwona, akamtambua upesi kuliko inavyompasa mzee wa kanisa.

"Hii si ni chupa ya pombe?"

Kule nyuma shangazi akasimama.

"Ndio, ilikuwa ya pombe. Nimeiokota huko nyuma ya baa. Lakini imepita kwa moto, mzee. Saa hii ni sahani."

Mchungaji alibaki mikono juu. Niliogopa sana, kwa sababu nilimjua shangazi: akirukwa siku hiyo, hatakanyaga tena pale. Kisha mchungaji akashuka na sahani yake, akawapita wazee, akawapita akina mama, akaenda mpaka mlangoni. "Dada, karibu mezani," akamwambia. Shangazi akala akiwa amesimama, machozi yanamtiririka, na sisi sote tumegeuka tunamtazama.

Tumeshamzika. Tanuru liliangushwa na mvua, na mtaro wa baa umejaa chupa tena. Mimi niko mjini, kwenye kanisa kubwa lenye viti vya kuzunguka na skrini, na mkate wa ushirika tunajichukulia mlangoni, umefungwa kwa plastiki. Kuna wakati niliacha kuuchukua, kwa sababu zangu. Karibu mwaka mzima niliupita, nikaketi, nikageukageuka nikingoja mtu aniulize kwa nini. Hakuna aliyenitenga, na hakuna aliyekuja mlangoni kunirudisha.