Hadithi Ambayo Mzee Mbaka Hakuitia Chumvi

Nianze kwa kusema wazi: Mzee Mbaka alikuwa mwongo, na Kibugu nzima tulimpenda kwa sababu hiyo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini hawakuwahi kukaa naye kwenye kituo cha kupimia majani chai wakingoja lori. Njia ya Mbaka ilikuwa ndefu kama ya kwenda Nairobi kwa miguu, na hatukutaka ifike mwisho.

Alizaliwa hapa hapa, ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya. Alirithi chai ya baba yake, akamwoa Njura, mwanamke mpole mwenye mashine ya kufuma sweta. Hakuwahi kuwa chifu wala mzee wa kanisa. Kazi yake kubwa, ukiniuliza mimi, ilikuwa kutusahaulisha kwamba lori limechelewa tena. Tulimwaga majani juu ya magunia, tukachambua yale magumu kabla karani hajatufokea, naye angeanza: "Nyinyi mnajua ile siku nilipatana na chui?"

Tulijua. Tuliijua siku hiyo kuliko tulivyozijua amri kumi za Mungu. Nilipoisikia mara ya kwanza, nikiwa msichana, Mbaka alimtisha chui kwa panga. Nilipoolewa, alikuwa amemshika mkia. Niliporudi kwetu ndoa iliponishinda, chui alikuwa amebwagwa chini, akaomba msamaha kwa Kiembu.

Aliyeicheka hadithi hiyo kuliko wote ni ndugu yangu mdogo, Munyi. Alikuwa fundi wa kujenga nyumba, kijana wa mikono mikubwa na kicheko cha kufukuza kuku. Jumamosi moja mwaka wa 2013, polisi waliingia sokoni wakakamata waliokuwa wakinywa kabla ya saa nane mchana, saa ambayo sheria inaruhusu baa kufunguliwa. Munyi alikuwa mmoja wao. Kesho yake, tukijiandaa kwenda kanisani, polisi wawili walikuja kumwambia mama kwamba mwanawe amejinyonga kwa shati lake ndani ya seli.

Kwa shati! Hata leo nikiyaandika maneno hayo damu inanichemka. Munyi alikuwa na nyumba ya mtu ya kumalizia Jumatatu, na alikuwa ameniambia nimwekee uji.

Tulipofika mochari kule Embu, mama alifunuliwa mwili. Munyi alikuwa bado amevaa shati lake, vifungo vyote vimefungwa. Juu ya shati alikuwa na sweta ya kijani ambayo hatukuijua. Mama aliupapasa ukosi, akageuza pindo akaliangalia.

"Wanjira," akaniambia, "huu ni mkono wa Njura."

Wanawake wa kwetu wanajuana kwa kufuma kama wanavyojuana kwa sauti. Hatukurudi nyumbani. Tulienda moja kwa moja kwa Njura, tukamkuta Mbaka ameketi karibu na moto, bila sweta, hajanyoa. Ndipo tulipojua kwamba naye alikuwa amekamatwa Jumamosi hiyo kwa kubeba kuni za msituni bila risiti, akafungiwa chumba kimoja na Munyi, wao peke yao; wale wengine wa sokoni waliwekwa chumba kingine. Walimwachilia asubuhi. Baadaye nilielewa kwa nini hawakujisumbua kumzuia. Nani angemwamini Mbaka?

"Walimtoa, Mama Munyi," alisema. "Ni yule koplo. Kijana alikuwa amemuuliza simu yake iko wapi. Niliona kwa lile dirisha ya mlango akimpiga na rungu. Akirudishwa hakuwa anaweza kusimama. Alikuwa anatetemeka, nikamvalisha sweta yangu. Akaomba maji, na hatukuwa na maji. Akalala hapa." Aligusa paja lake. "Hakuamka."

Kwa mazoea, nilingoja aendelee. Hakuendelea.

Daktari aliupasua mwili akasema Munyi alikufa kwa kipigo, si kwa kitanzi. Namshukuru daktari huyo. Nawashukuru pia wachunguzi wa ile mamlaka ya kusimamia polisi, waliokuja na viatu vyao vya mjini kwenye matope yetu na kukubali chai yetu. Lakini polisi nao hawakukosa jibu. Waligeuza maneno wakasema huenda aliumizwa kwenye ugomvi wa walevi sokoni. Kumnyooshea kidole koplo, tulikuwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa bingwa wa uongo wa Kibugu.

Habari zilipofika kwenye kituo cha chai, karani alicheka. "Ngojeni mwezi ujao," akasema, "hao polisi watakuwa kumi na helikopta juu." Watu wakaangua kicheko. Nilitaka kummwagia majani yangu kichwani. Kisha nikamwona Mbaka nyuma yetu, ameinamia gunia lake, anachambua majani ambayo alikwisha kuyachambua.

Tangu siku hiyo hakutusimulia kitu. Tulimwomba chui, akasema leo hana. Tulimwomba ile ya mjomba wake na treni, akasema amesahau. Hata kwenye harusi ya binti yake alisimama, watu wakaweka mbavu tayari kwa kicheko, naye akasema, "Karibuni mle," akaketi. Wengine walidhani amelogwa. Kituo kikawa kimya, na ndipo tulipogundua lori huchelewa kiasi gani.

Nilimwendea shambani nikamuuliza kama ni mgonjwa.

"Mimi si mgonjwa, Wanjira," alisema bila kuacha kuchuma. "Huyo ndugu yako amebaki na mdomo moja tu hapa duniani, na ni huu wangu. Nikiuchafua na chui huku, utafika kortini ukiwa mchafu."

Nilichuma naye mpaka mwisho wa mstari, nikalia njia nzima kurudi nyumbani.

Kesi iliahirishwa, ikaahirishwa tena, mpaka tukazoea kuvaa nguo za kanisani siku za kazi na kurudi mikono mitupu. Watu tusiowajua walimtembelea Mbaka wakamshauri asahau. Njura aliwapikia chai. Mbaka akainywa pamoja nao akiongea habari za mvua, na hata hiyo mvua hakuiongeza tone.

Mwaka wa tano ndipo aliposimama kizimbani Embu. Alisema yale yale aliyotuambia karibu na moto. Kisha wakili wa koplo akainuka, mtu nadhifu, mwenye adabu ya kutisha.

"Mzee Mbaka, ni kweli uliwahi kupigana na chui?"

Nilijua kuna mtu wa kwetu aliyempelekea maneno, na mpaka leo simsalimii karani yule.

"Hapana," Mbaka alisema.

"Lakini umewaambia watu wa Kibugu kwamba ulipigana naye."

"Nimewaambia sana."

"Kwa hivyo uliwadanganya."

"Niliwadanganya. Hiyo chui niliona nikiwa juu ya mti. Nilipanda, nikalia mpaka ikapita. Haikuniangalia hata."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Wakili naye alitabasamu, akauliza sababu gani korti imwamini mtu kama huyo. Mama alinishika mkono kwa nguvu mpaka pete yake ikaniumiza.

Mbaka alimgeukia jaji. "Mheshimiwa, hiyo ya chui kila mtu kwetu ako na yake, kwa sababu kila siku mimi nilikuwa naiongeza. Lakini hii ya Munyi niliambia mama yake siku ile. Nikaambia wachunguzi. Leo nimewaambia nyinyi. Angalieni kama imekua. Na nilikuwa nataka ikue, Mheshimiwa. Nilitaka niseme nilimpatia maji. Nilitaka niseme niligonga huo mlango mpaka ukafunguka. Sikugonga. Niliogopa. Ni hivyo tu."

Hakuna aliyecheka tena. Wakili alilinganisha maelezo ya zamani na ya siku hiyo, akitafuta neno lililozidi. Alitafuta kwa muda mrefu, kisha akaketi.

Jaji aliposoma hukumu, alisema shahidi huyo amesema kitu kimoja tangu mwanzo mpaka mwisho, na hakujipamba hata pale ambapo ingemfaa. Alisema pia kwamba mtu hawezi kujinyonga kwa shati alilolivaa, likiwa limefungwa vifungo chini ya sweta ya mwenzake. Koplo alipatikana na hatia ya kuua, akapelekwa jela. Mungu si Athumani.

Najua kuna akina mama wengi katika nchi hii waliozika watoto wao na lile neno, alijinyonga, limebaki limekaa juu ya kaburi. Kwetu liliondolewa. Mtu aliyeliondoa alinyima kinywa chake raha yake pekee kwa miaka mitano, na hakuna aliyemtuma. Nashukuru. Nasema hivyo kanisani, nasema hivyo sokoni, na sasa naandika.

Wiki iliyofuata, mama alibeba kikapu chake mwenyewe mpaka kwenye kituo cha chai. Hakuwa amekanyaga hapo tangu Munyi afe. Lori lilikuwa limechelewa, kama kawaida. Mbaka alikuwa pembeni, anachambua kimya. Mama alimwaga majani yake kando ya Mbaka, akajinyoosha mgongo, akasema kwa sauti iliyotufikia sote:

"Mzee Mbaka, hebu niambie ile siku ulipatana na chui."

Mbaka hakuinua macho. "Mama Munyi, si ulinisikia kortini? Nilipanda mti."

"Hiyo ilikuwa ya korti," mama alisema. "Nataka ile aliyokuwa akiicheka Munyi."

Mzee aliliweka chini jani alilolishika. Akajipangusa uso kwa mkono wa sweta, nyingine ya kijani aliyofumiwa na Njura, akasukuma gunia kando. Watu wote tuliacha majani yetu tukasogea.

"Kwanza kabisa," akaanza, "hiyo siku chui hazikuwa moja."