Herufi za Mbao za Bonomali

Mimi na Nibaran tumepanga herufi katika karakana moja ya Mtaa wa College, Kalkata, miaka arobaini. Sijaona fonti, yaani mtindo wa herufi, iliyomshinda. Mwonyeshe jalada kuukuu, atakwambia limechapwa wapi. Ndiyo maana Shefali alimletea kile kitabu.

Kilikuwa kitabu cha siasa cha mwaka arobaini na tisa, kilichopigwa marufuku, hakina jina la mchapaji. Baba yake Shefali, marehemu Bonomali, mchapaji mwenzetu mtaani, alifungwa miaka sita kwa ajili yake. Alitoka akiapa hakukichapa. Mkewe hakumwamini, wakaishi kama wapangaji wawili mpaka mume akafa.

"Baba mdogo, mama yuko hoi," Shefali alisema. "Anataka kujua kabla hajafa kama baba alimdanganya."

Nibaran akainamia jalada na lenzi yake. "Kichwa cha kitabu ni herufi za mbao za baba yako. Hii imepasuka mguuni. Hata polisi waliijua kwa ufa huo."

"Kumbe alidanganya!" Shefali akaangua kilio.

"Ngoja, mwanangu," nikadakia. "Herufi za mbao tulikuwa tukiazimana. Nani angemudu kununua zote? Tazama mstari mdogo wa chini, wa herufi za madini ya risasi. Nibaran, hebu lete lenzi."

Nikamnyang'anya lenzi. Lahaula! Irabu zilikuwa nene kuliko konsonanti. Kasha letu la herufi lilikuwa na upungufu wa irabu, na mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akijazia kwa fonti nyingine. Nimemgombeza kwa uvivu huo mara ngapi! Nikamgeukia Nibaran.

"Sema, mshenzi wewe," nikamwambia.

Nibaran akaliweka jalada mezani. "Nilichapa mimi. Bonomali aliniazima herufi, akakamatwa, hakunitaja. Nilikuwa naogopa. Kila mwaka nilisema mwaka huu nitasema."

Shefali akafuta machozi. Alimshika mkono wa kanzu, akamburuta mchana ule ule hadi kitandani kwa mama yake, nami nyuma. Nibaran akasema yote kwa sauti ya kukatika katika.

Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji," akasema, "kila sikukuu ya Durga Puja ulikula kwetu. Wewe nilikupakulia kichwa cha samaki, kipande cha heshima, mume wangu nikamsukumia sahani bila kumtazama. Naye alikuwa akikuuliza kama umeshiba."

Nibaran akapiga magoti aguse miguu ya mama kumwomba radhi. Mama akaivuta ndani ya shuka.