Moshi wa Eldas kwenye Shati la Gelle

Baba yangu, Gelle, akirudi kutoka safari, watu wengine wa nyumba hii humsalimia. Mama humnusa.

Si kwa mapenzi. Baba ni dereva wa lori. Hupakia unga na sukari hapa Garissa, huvipeleka hadi Eldas, huko Wajir, kisha hurudi na mbuzi wa kuuzwa mnadani. Mbuzi hakojoi kwa adabu. Tangu utoto wetu, harufu ya baba iliingia uani kabla yake, na mama akaipokea kwa kelele: "Gelle, wewe ni zizi lenye miguu! Usikalie mkeka wangu." Baba hucheka, huenda kuoga, na baada ya siku chache huondoka tena.

Mwaka huu, Ramadhani ilipokwisha, akaanza kurudi akinukia.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Alinukia uunsi, ule ubani uliopikwa na sukari na manukato, ambao wanawake wetu hufukizia nguo na nyumba. Kila mwanamke ana mchanganyiko wake na hamwambii hata dada yake. Mama aliinua kola ya shati, akanusa, akafumba macho.

"Karafuu nyingi," akasema. "Huyu mwanamke hana mkono wa uunsi."

"Mwanamke gani?" nikauliza.

"Warsan, huko chuoni ulikoacha diploma nusu walikufundisha nini? Moshi hauingii kwenye shati wenyewe."

Baba alipoulizwa, alisema ni vumbi la njiani, Habaswein. Mimi nimewahi kumeza vumbi la Habaswein, halina karafuu. Mama hakugombana. Alipanga nguo zake kwenye begi, akaniambia kwamba akimkuta mke mwenza Eldas, hapa kwetu hatarudi kulala. Atapitiliza hadi kwa kaka zake Bura.

Tangu hapo kila kitu kikawa ushahidi. Baba akipokea simu uani, sote tulinyamaza ghafla, hata kuku. Akimletea mama dera, mama alimuuliza, "Ulinunua moja au mawili?"

Safari iliyofuata, baba alifungua mlango wa lori akatukuta mimi na mama tumeshakaa.

"Sharifo, unaenda wapi?"

"Eldas. Nasikia kuna hewa nzuri."

"Kule jua ni kali sana."

"Na hapa Garissa kuna barafu?"

Njia nzima baba hakuwasha redio. Mtu asiye na hatia huwasha redio, nilijisemea.

Tulipofika Eldas, alitupeleka bila kusukumwa hadi nyuma ya nyumba ya mabati. Mashati ya kiume yalikuwa yametandazwa juu ya fremu za miti, na chini ya kila fremu chetezo kilifuka moshi. Katikati alikaa bibi kizee, Ayeyo Muslimo, yaani Nyanya Muslimo, akiyageuza kama mtu anayechoma nyama. Madereva humwachia nguo kabla ya kurudi kwa wake zao.

Alimtazama mama juu hadi chini. "Gelle, huyu ndiye anayekuita zizi?"

Mama alimgeukia baba. "Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba mwanamume mzima nafukizwa kama bibi harusi? Madereva wangenicheka."

"Madereva wote mashati yao yako hapa!"

"Ndiyo maana hakuna anayesema."

Mama hakuridhika papo hapo. Aliomba maji ya kunywa ili apite vyumba vyote akiyatafuta. Aliporudi, alitoa kwenye begi kopo la uunsi wake mwenyewe, akamkabidhi ayeyo. "Shati la mume wangu lifukizwe kwa huu. Ule wako unaniletea magonjwa."

Kuanzia siku hiyo baba alirudi akinukia kama sebule yetu. Mama alitoa nguo kwenye begi, akazirudisha kabatini.

Juzi, baada ya swala ya Ijumaa, jirani yetu Ruqiya aliingia kwetu bila salamu. Mumewe, Abdow, huendesha lori njia hiyohiyo. Alikuwa amekunja shati mkononi.

"Sharifo, nusa."

Mama alinusa. Nami niliisikia harufu kutoka mlangoni: iliki, udi kidogo, na kile kitu cha tatu anachokataa kuniambia hata mimi niliyemzaa kwa uchungu. Samahani, aliyenizaa. Ayeyo Muslimo alikuwa ameupenda uunsi wa mama, akawafukizia madereva wote.

"Ruqiya, walahi, ni bibi mmoja wa Eldas. Anafukiza mashati ya madereva."

"Bibi."

"Kizee kabisa! Warsan, mwambie."

"Ni kweli, nilimwona," nikasema, na hata masikioni mwangu ilisikika kama uongo.

"Huyu ni mtoto wako," Ruqiya akasema. "Atasema nini?"

"Basi mpigie Abdow! Muulize!"

Ruqiya akapiga, akaweka sauti ya juu. Tulimsikia Abdow akikohoa, na wanaume wenzake wakicheka karibu naye.

"Bibi gani wa kufukiza?" akafoka. "Mimi ni mwanamume, mimi! Sijafika kwa bibi yeyote."

Ruqiya alikata simu, akaketi kwenye mkeka wa mama, akaliweka shati mapajani.

"Endelea, Sharifo," akasema. "Nakusikiliza."